Kiti Mwendo Kwenye Matope ya Mahongole

Kiti mwendo kilicholetwa kijijini kwetu kwa msaada kina magurudumu mawili madogo mbele, ya kuzungukia kwenye sakafu ya vigae. Hapa Mahongole, mkoani Njombe, vigae ni vya kutafuta kwa tochi. Tulicho nacho ni udongo mwekundu unaonata kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mvua zikikatika unaacha makorongo ambayo hata bodaboda huyakwepa. Kijana aliyepewa kiti hicho nilimfundisha kusoma akiwa darasa la kwanza. Leo kiti kiko sebuleni kwao, kimetandikwa kitambaa cha kufuma, naye hukikalia wageni wanapokuja. Kwenda chooni, bombani na kanisani anatambaa, viganja vyake amevivalisha kandambili.

Nilimwuliza kwa nini asikirudishe.

"Mwalimu, nikikirudisha watasema walemavu wa Mahongole hawana shukrani," alinijibu akicheka. "Na picha tulishapigwa."

Waliokileta siwabezi, walitoa walichokuwa nacho. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu mwaka 2008 kwamba kiti cha namna hii lazima kilingane na mwili wa mtu, kiendane na mahali anapoishi, na kiweze kutengenezwa hapo hapo alipo. Kiti cha kutufaa sisi kina gurudumu moja tu mbele, kubwa, lililosogezwa mbali na miguu ili kisizame wala kupinduka kwenye mteremko. Mafundi wa vitu hivi tunao nchini. Kuna chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi ambacho kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Na kiti chenye gurudumu la baiskeli kikivunjika, fundi yeyote wa kuchomelea pale Makambako anakirudisha barabarani jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo ujuzi upo, na vifaa vinapatikana. Aliyekosekana ni mtu wa kuja kukanyaga matope yetu kabla ya kuagiza kiti.

Mimi ni Mbena wa hapa hapa. Mguu wangu wa kushoto ulinyong'onyezwa na polio mwaka 1966 nikiwa na miaka mitatu. Mama alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni Ilembula, akafika homa imeshashuka na mguu umeshalala. Chanjo za watoto kwa mpango wa nchi nzima zilianza 1975. Mimi nilikuwa nimeshazoea gongo alilonichongea mjomba kwa mti wa muwati. Nikasoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikafundisha hadi nilipostaafu 2023. Wanaume wawili walileta posa, wa kwanza ndugu zake wakamgeuza njiani. Wa pili ndiye baba wa wanangu.

Sasa ni katibu wa Kamati ya Watu Wenye Ulemavu ya kijiji. Kamati hizi hazikubuniwa na sisi. Zimetajwa katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu, mwaka mmoja baada ya nchi yetu kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Yetu haina ofisi wala muhuri. Ina kaunta buku moja ambalo nalitunza chini ya godoro, na humo yameandikwa majina ya watu, nyumba zao zilipo, na kinachowasibu.

Polio kwenye kaunta buku ni ya wazee kama mimi tu. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Tanzania alionekana 1996. Februari 2022 Malawi ikatangaza kupata mgonjwa, na mwezi uliofuata mikoa inayopakana nayo, Njombe ikiwamo, ikaanza kuchanja watoto nyumba kwa nyumba. Kuna kina mama vijana waliofunga milango, wakidai watoto wao walishachanjwa na hii ya sasa ina jambo. Mchanjaji alinijia analalamika. Nikaenda naye. Nyumba ya kwanza nilikunja sketi nikaonyesha mguu, maneno hayakuwa mengi.

Kinachojaza kurasa siku hizi ni kifafa. Wengi hawakihesabu kuwa ulemavu, na ndiyo maana wenye kifafa hukosa hata kile kidogo ambacho mwenye gongo hupata. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ugonjwa huu una sababu nyingi, kuanzia uzazi wa shida, malaria ya kupanda kichwani, hadi ajali, lakini kwetu kuna moja ambayo iko nyuma ya nyumba na inaweza kuzuilika.

Nyanda za juu kusini tunafuga nguruwe. Kaya nyingi hapa zina mmoja au wawili, na huyo ndiye anayelipa ada na kununua mbolea ya mahindi. Nguruwe akiachwa azurure, atakula kinyesi cha binadamu, na kama mwenye kinyesi ana tegu tumboni, mayai ya tegu yatageuka vifuko vyeupe ndani ya nyama ya nguruwe, mithili ya punje za wali. Mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri, tegu linakua ndani ya utumbo wake. Hapo bado hana kifafa. Kifafa kinakuja kwa njia nyingine: mayai ya tegu yanayotoka na choo yanapoingia kinywani mwa mtu, iwe kwa mkono usiooshwa, kwa maji ya kisima kisichofunikwa au kwa mboga. Mwilini yanaanguliwa, yanapita kwenye damu, na mengine yanajenga vifuko kwenye ubongo. Ndiyo sababu Msabato ambaye hajawahi kugusa nguruwe anaweza kuanguka kifafa kwa ajili ya choo cha jirani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, na wenzao wamelifuatilia jambo hili katika nyanda hizi kwa miaka mingi, na wanachosema hakihitaji pesa nyingi: choo kitumike, nguruwe afungiwe bandani, nyama ikaguliwe na iive.

Lakini mtu wa kijijini anapoanguka, wa kwanza kuitwa si mtaalamu wa minyoo. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa povu la mwenye kifafa linaambukiza, kwamba ukimgusa wakati anatetemeka umekichukua. Haliambukizi povu hilo hata chembe. Nina mwanafunzi wangu wa zamani, binti, aliangukia kwenye mafiga jioni wakipika ugali. Nyumba ilikuwa na watu wazima wanne. Walimtoa kwa kumvuta na mpini wa jembe, baada ya kumaliza kutetemeka. Vidole vya mkono wa kulia vilipopona vilikuwa vimeshikana na kiganja. Aliingia jikoni na ugonjwa mmoja akatoka na ulemavu wa pili, na huo wa pili tulimpa sisi.

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, aliyekuta hali kama hii Mahenge na kuanzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960, alishuhudia makovu ya moto ya namna hiyo hiyo. Ni kule Ulanga, ng'ambo ya milima kutoka kwetu. Dawa aliyoitumia sana, fenobabitoni, ndiyo hiyo tunayopewa hadi leo: ni ya bei ndogo, na wengi wakiimeza kila siku bila kuruka hukaa muda mrefu bila kuanguka. Taabu ni hapo kwenye "kila siku". Dawa ikikosekana dirishani, mtu anaambiwa aje wiki ijayo, na kuikatisha ghafla kunaweza kumletea degedege kali kuliko za mwanzo. Kwa hiyo kwenye kaunta buku naandika pia tarehe ambayo dawa za kila mtu zitaisha, na wiki moja kabla ya hapo namtuma mjukuu wangu akawakumbushe. Na wewe unayesoma, ukimkuta mtu ameanguka: msogeze mbali na moto na maji, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, na usimtie kijiko mdomoni.

Kisha kuna mbao. Asiyeijua Njombe afahamu kwamba huku mtu anapanda misonobari kama anavyoweka akiba, na ikikomaa wanakuja watu na mashine ya kupasulia tunayoiita dingdongi. Inaburutwa hadi msituni, inapasua gogo pale pale lilipoangushwa. Msumeno wake wa duara uko wazi. Vijana wanaoisukumia magogo wanalipwa kwa kutwa, bila glovu na bila karatasi yoyote. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ipo, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri anatakiwa kuchangia ili mfanyakazi akiumia alipwe. Sasa kibarua ambaye hata jina lake kamili bosi halijui atadai wapi? Hupewa nauli ya kwenda hospitali na sahani ya chipsi.

Mmoja wao, mtoto wa binamu yangu, alibaki na kidole gumba cha kushoto na kingine nusu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ulemavu una matawi. Mwaka 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ikawa mwisho wa laini zisizosajiliwa. Akaenda kwenye kibanda cha kusajili, mashine ikasoma, ikakataa, ikasoma, ikakataa. Yule dada wa kibandani hakuwa na ubaya. Alifundishwa kubonyeza kidole na hakufundishwa la kufanya kidole kisipokuwepo. Mwisho laini ikaandikwa kwa jina la shemeji yake. Tangu siku hiyo hela yoyote ya kijana, ya kuuza viazi au ya msaada, inaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwa shemeji, na shemeji ni mwenyeji sana wa kilabu cha ulanzi.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa kuwa watu wa huduma wakija wanauliza, "Tatizo lake ni nini?" na sisi tunajibu, "Mkono." Mkono ni mwanzo tu wa maelezo.

Agosti 2022 ilikuwa sensa. Karani, kijana msafi kutoka mjini, alifika kwa shangazi yangu nikiwa nimeketi naye juani, maana Agosti asubuhi huku bado ni blanketi. Shangazi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kuku wake huwatambua kwa sauti. Maswali ya ulemavu ya sensa ile yalifuata mtindo wa kimataifa, yanauliza ugumu wa mtu katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ni mtindo mzuri kwa sababu haumlazimishi mtu kujiita mlemavu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, unapata ugumu wa kuona hata ukiwa umevaa miwani?"

Mjukuu akamtafsiria kwa Kibena. Shangazi akajibu kwa Kibena vilevile, na mjukuu akarudisha: "Anauliza miwani ameipata wapi."

"Basi bila miwani?"

"Anasema haoni vizuri, ila ni uzee. Anasema usiandike, asije akaonekana mgonjwa."

Karani alinitazama mimi. Nikamwambia aandike haoni. Akaandika. Matokeo yalipotoka yalionyesha watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 kwa dunia nzima. Sisemi kwamba pengo lote hilo ni la akina shangazi waliojibu "ni uzee", lakini najua nyumba ambazo jibu hilo lilipita bila mwalimu mstaafu kukaa pembeni. Na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mdogo. Mtu anaingia asubuhi na kesho yake anahesabu vifaranga wake. Ambaye hajaandikwa haoni, hakuna anayemtafutia gari la kumpeleka.

Kuna na waliofichwa. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 mkoa wetu ulikumbwa na mauaji ya watoto, habari zilizotangazwa nchi nzima, na tuliofundisha mwaka ule tunakumbuka wazazi wakiwasindikiza watoto hadi mlango wa darasa. Wenye watoto wenye ulemavu wakawafungia ndani, na baadhi hawakuwatoa tena hofu ilipopungua. Siwezi kumlaumu mama kwa hilo. Ninachoweza ni kubisha hodi, nisalimie "kamwene", nikae, nizungumze habari za maharage mpaka mlango wa chumba ufunguke wenyewe. Afisa mwenye safari ya nyumba kumi kwa siku hana nafasi ya maharage.

Ndani ya chumba kile mara nyingi utawakuta wawili. Yupo mtoto mwenye ulemavu, na yupo dada yake. Kwetu mtoto ni wa ukoo, hilo ni kweli na ni zuri, ila ukoo ukikaa kikao cha nani atamwangalia, macho yote humgeukia binti wa miaka kumi na mitatu au bibi. Ugonjwa wa UKIMWI uliliza mkoa huu kuliko mingine. Utafiti wa 2011 na 2012 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote, na ule wa 2022 na 2023 bado ulikuta asilimia 12.7. Kizazi cha katikati kiling'olewa. Wakabaki bibi na wajukuu, na mjukuu mmoja akiwa hawezi kukaa wala kumeza bila kusaidiwa, mwenzake anaacha shule bila mtu kutangaza kwamba ameacha. Nimewaona darasani wakipungua: kwanza Ijumaa, kisha Jumatatu, kisha kabisa. Msaada ukija una jina la kaka mtu. Dada hana fomu yake.

Mijadala ya kimataifa siku hizi ina neno la watu wa asili. Tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki zao linataja, katika kifungu cha 22, kwamba wenye ulemavu miongoni mwao waangaliwe kwa namna ya pekee. Tanzania wanaotajwa zaidi chini ya jina hilo ni Wahadzabe, Waakie, Wabarbaig na Wamaasai, ingawa serikali yetu husema Waafrika wote wa nchi hii ni wa asili. Sisi Wabena, wakulima wa mahindi na viazi, hatumo kwenye orodha hiyo na sina haja ya kuililia. Ila nikisoma yanayowapata, naona wanatembea njia tunayoijua. Umasaini, Longido na Ngorongoro, bado kuna trakoma, ugonjwa wa macho ambao ukirudia rudia hukunja kope zikaelekea ndani na kukwaruza jicho mpaka linapofuka. Huwashika zaidi wanawake, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto, na watoto ndio wenye maambukizi. Operesheni ya kugeuza kope ni fupi. Lakini kliniki imejengwa mahali pamoja, na mama huyo yuko kwenye boma ambalo kiangazi huhama na ng'ombe.

Mbali zaidi, Australia wana mpango mkubwa wa taifa wa kuwagharimia watu wenye ulemavu, ulioanza kwa majaribio mwaka 2013. Mtu hupangiwa bajeti yake, akanunue huduma anayoitaka. Mjini umefanya mengi. Kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao ulemavu unawapata zaidi kuliko raia wengine, wanaoishi vijiji vya mbali jangwani, pesa iko kwenye karatasi na muuza huduma hayupo. Mtaalamu wa viungo huja kwa ndege mara chache na kuondoka. Kwa hiyo hata tajiri akiamua kulipa, lazima amlipe mtu aliye karibu. Mimi ningeliambia shirika lolote linalotaka kuja Mahongole: mfundisheni yule binti wa miaka kumi na mitatu, akikua kidogo mumwajiri, namna ya kumkalisha kaka yake, kumnyoosha viungo na kumlisha bila kumpalia. Tayari anaifanya kazi hiyo. Anaifanya kwa kubahatisha, na bure.

Kuna pia suala la mikopo, nalo nitalipitia haraka. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza bungeni kuisitisha ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ikarejea. Mimi ni muumini wa mikopo hii. Lakini katiba ya kikundi, akaunti ya benki, andiko la mradi na sahihi za viongozi vinatafutwa mjini, na kila safari kwa mtu asiyetembea ni bodaboda mbili, yake na ya anayemshikilia. Kikundi chetu cha kufuma masweta, na baridi hii ya Juni wateja wapo, kilikula nauli kabla hakijanunua uzi.

Namalizia na jambo la ardhi, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi na ndilo ambalo sheria yake ni nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Kuna mwanamume kijiji cha jirani, kiziwi tangu utotoni, ana miaka arobaini na kitu. Hakupelekwa shule. Njombe kuna shule ya viziwi, lakini wazazi wake waliijua akiwa ameshaota ndevu. Kwa hiyo Lugha ya Alama ya Tanzania haijui. Ana alama zake za nyumbani, walizozibuni yeye na mama yake: kugusa sikio na kuzungusha mkono ni mnada, vidole viwili kifuani ni marehemu baba. Mama alipofariki, aliondoka na nusu ya watu wanaomwelewa. Aliyebaki ni binti wa dada yake.

Baba yao aliacha shamba bondeni na kipande kikubwa mlimani. Kaka zake walimwachia pembe ya bondeni yenye maji mwaka mzima, wakapanda misonobari mlimani kote, wakisema mila haimpi ardhi mtu asiyeweza kuongea kwenye kikao cha ukoo. Sina hakika hata kama hiyo ni mila. Wazee wawili niliowauliza walikataa, wa tatu ni baba mkwe wa mmoja wa hao kaka. Lakini hata ingekuwa mila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Miaka yote hiyo kifungu kipo, na hakijapata wa kukisoma kwa sauti mbele ya watu.

Tukampeleka mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina watu saba na wanawake wasiopungua watatu. Kulikuwa na pendekezo la kuleta mkalimani wa alama kutoka mjini. Nikasema mkalimani huyo atasimama hapa aongee na ukuta. Tukamwita binti wa dada yake, kidato cha pili, akiwa na sare ya shule. Kaka mkubwa alipinga kwamba mtoto hawezi kusimama barazani. Mama mmoja wa baraza akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyekaa miaka arobaini bila kujifunza kuongea na ndugu yako. Mwache mtoto aongee."

Binti alitafsiri saa nzima. Mjomba wake alionyesha kwa mkono mpaka wa baba yao, mti kwa mti, ikiwamo miti iliyokwisha kukatwa, na wazee waliokuwepo wakatikisa vichwa kwamba ndivyo ulivyokuwa. Tulikwenda mlimani wote, mimi na gongo langu nikiwa wa mwisho. Theluthi yake ikapimwa kwa hatua, ikaandikwa kwenye muhtasari, akaweka dole gumba, na maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake yamepelekwa kwa mtendaji wa kijiji.

Kilichobaki ni misonobari iliyosimama ndani ya theluthi hiyo. Ina miaka tisa. Kaka mkubwa anasema ardhi sawa, ila miti ni yake kwa kuwa miche na vibarua vya kupandia alilipa yeye. Kiziwi naye, kupitia kwa mpwa wake, anasema yeye ndiye aliyechimba mashimo na hakulipwa. Baraza limempa kaka hadi mwisho wa mavuno ya mahindi alete risiti za miche.